Samaki Mzee Kuliko Mvuvi Wake



Mwanafunzi mmoja wa shule ya sekondari ametuandikia akituuliza swali fupi: samaki huishi miaka mingapi? Aeleza kwamba yeye na mjomba wake walibishana juu ya sangala mkubwa aliyeletwa sokoni. Mjomba alisema samaki hazeeki, hukua tu mpaka siku atakapoingia wavuni. Swali hilo ni zuri, nasi hatutalijibu kwa neno moja. Tutawapeleka mbali, hata pwani ya magharibi ya Marekani, katika jimbo la California, kaskazini ya mji wa San Francisco, mahali bahari inapopiga mawe usiku na mchana. Huko yuko samaki aliyewafundisha wavuvi na wataalamu, tena kwa gharama kubwa, maana ya umri wa samaki.

Sisi wa Kongo ya mashariki twajua maziwa. Nchi yetu yagusa bahari kwa kilomita chache tu, kule Muanda na Banana, na wengi wetu hatujaonja maji ya chumvi. Basi yatupasa kueleza kwanza jambo ambalo mvuvi wa Tanganyika hana haja nalo: bahari hupanda na kushuka. Katika pwani hiyo ya California maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na siku nyingine tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita meta mbili. Jiwe ambalo asubuhi lilikuwa chini ya maji, saa sita baadaye laweza kukaliwa na mtu. Mvuvi wa mwambani huanza kazi yake kwa kutazama kitabu cha saa za maji, kabla hata ya kutazama ndoana zake.

Mbele ya miamba, ndani ya maji, umeota msitu. Hayo si maneno ya mapambo. Mwani wa huko waweza kufika urefu wa meta 20 hata 30, sawa na mti mkubwa wa mwituni. Shina lake ni kama kamba, nalo limeshika jiwe chini kwa kitu kinachofanana na mizizi, ijapokuwa mizizi hiyo hainywi kitu; kazi yake ni kushika tu. Juu kabisa pana kibuyu kilichojaa hewa, na kutoka kibuyu hicho majani marefu huelea kama nywele. Mmea huo wote hukua kwa mwaka mmoja: huanza kuota wakati baridi inapokwisha, hufika juu ya maji katika miezi ya joto, na dhoruba za Desemba na Januari huung'oa na kuutupa ufukoni malundo kwa malundo. Tena ndani ya kile kibuyu mna kiasi cha hewa ile ile ya sumu inayowaua watu waliolala na mbabula ya makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Mwani hauoni dhara yoyote. Makabila ya kaskazini zaidi ya pwani hiyo, kama Wamakah na Watlingit, zamani walikausha mashina hayo na kuyafanya mishipi ya kuvulia. Msitu uliwalisha samaki, na msitu ule ule ukawapa watu kamba ya kuwatoa.

Samaki wenyewe wataalamu huwaita kwa Kilatini Sebastes. Sisi tutawaita samaki wa mwambani, maana ndipo nyumba yao ilipo. Aina zao duniani zapita 100, na zaidi ya 60 kati yao zaishi upande ule wa Pasifiki. Wako weusi, wako wa rangi ya buluu, wa kahawia, wekundu kama pilipili, na mmoja mzuri sana, mweusi mwenye mstari wa manjano ubavuni. Wote wana kinywa kikubwa, macho makubwa, na mgongoni safu ya miiba kama 13 yenye sumu kidogo. Mtu akichomwa, mkono huvimba na kuuma; dawa yake ni kuutia katika maji ya moto kadiri awezavyo kustahimili.

Mvuvi wa ufukoni hahitaji mashua. Achukua ufito, mshipi imara, ndoana moja au mbili, na chambo cha kome, cha kamba wa baharini au cha ngisi. Atafuta tundu katikati ya mwani, mahali penye maji wazi, naye atupa hapo hapo. Akikosa kwa meta moja, mshipi wake umesokotwa na mashina. Chubwi humezwa na miamba kila mara. Kwa sababu hiyo wengine hufunga plagi kuukuu za motokari badala ya risasi, nao huzifunga kwa uzi dhaifu, ili chubwi ikinasa uzi ule ukatike na samaki abaki. Hatuwasifu kwa kuacha vyuma baharini, lakini akili ya kufunga uzi dhaifu mahali panapostahili kukatika twaisifu.

Samaki akishika chambo, neno la kwanza analofanya ni kurudi shimoni mwake. Mvuvi asipomvuta mara moja, samaki huingia katika ufa wa jiwe, hutanua miiba yake, na hapo nguvu za mtu hazifai kitu. Wageni huvuta mpaka mshipi ukakatika. Wazoefu hulegeza mshipi, hukaa kimya dakika tano au kumi, wakavuta tumbako au wakazungumza habari nyingine. Mara nyingi samaki hudhani hatari imepita, akatoka mwenyewe.

Iko namna nyingine ya kuvua ambayo wasomaji wetu wa vijijini wataipenda, kwa kuwa haina mashine yoyote. Wakati wa maji kupwa kabisa, mtu hushika mwanzi mrefu wa meta tatu au nne. Katika ncha amefunga kipande kifupi cha waya, na mwishoni mwa waya ndoana moja yenye nyama ya ngisi. Hatupi kitu. Apita juu ya mawe yaliyofunuliwa na maji, na kila aonapo shimo lenye giza asukuma mwanzi ndani polepole, kama mtu atafutaye panya katika ghala. Aliyemo ndani akikamata, hutolewa kwa nguvu. Humo hutoka samaki wa mwambani wa nyasi za bahari, na samaki mrefu kama nyoka mwenye uso wa kuchekesha, na pengine yule mwenye kichwa kikubwa ambaye nyama yake ni nzuri lakini mayai yake ni sumu. Jamaa zisizojua habari ya mayai hayo zimepata kuugua vibaya.

Hapa yatupasa kusema neno la hatari, maana kila mwaka bahari hiyo huua watu. Maji yake ni baridi mno. Mtu aliyeangukia humo huishiwa nguvu za mikono katika dakika chache. Na mawimbi yake hayafuati desturi. Waweza kutazama robo saa nzima, ukaona kila wimbi linakoma chini ya miguu yako, ukajisemea, hapa pakavu. Kisha laja moja kubwa kuliko yote yaliyotangulia, lapanda mwamba wote, nalo likirudi hurudi na kila kitu kisichofungwa. Mara nyingi aliyechukuliwa ni mtoto, au ni baba aliyeruka kumfuata mtoto. Wenyeji wana amri moja: usiipe bahari mgongo. Nao huongeza kwamba jiwe lililo na maji juu yake, hata kama anga ni tulivu, latoa habari ya wimbi lililofika hapo kabla hujaja. Samaki aliyenasa mbali hafai kufuatwa kwa kushuka hatua moja zaidi. Akatwe, aende.

Sasa tumrudie mwanafunzi wetu. Tuseme baba mmoja amesimama juu ya mwamba pamoja na binti yake, karibu na Mendocino, naye atoa majini samaki mweusi wa mwambani mwenye urefu wa santimeta 50, jike, tumbo limejaa. Je, ana miaka mingapi? Mtu angesema miwili, labda mitatu, kwa kuwa kuku wa umri huo amekwisha kuwa mzee. Lakini jike wa aina hii hazai kabla ya kufika miaka sita au saba, na huyu wa santimeta 50 yaelekea ana miaka 15 au zaidi. Huenda ni mkubwa kuliko binti aliyeshika kikapu. Aina hii yaweza kuishi hata kama miaka 50. Yule mzuri mwenye mstari wa manjano, ambaye hafiki nusu meta na ambaye huvuliwa zaidi na wenye mashua, amepatikana akiwa na karibu miaka 80. Mwekundu mwenye macho ya manjano, akaaye chini sana, hupita miaka 100. Na katika bahari ya Alaska ndugu yao mmoja alihesabiwa miaka 205.

Twajua msomaji atauliza: nani amehesabu? Ndani ya kichwa cha samaki, nyuma ya macho, mna vijiwe vidogo vimsaidiavyo kusikia na kushika mizani majini. Kila mwaka kijiwe huongezewa tabaka, la majira ya joto na la majira ya baridi, mfano wa pete ndani ya mti. Mtaalamu hukivunja kijiwe katikati, hukichoma kidogo ili pete zipate weusi, kisha huhesabu kwa darubini. Watu wengi hawakuamini kwanza. Walidhani pete mbili au tatu ni za mwaka mmoja. Ushahidi ulikuja kwa njia isiyotazamiwa. Katika miaka ya 1950 na 1960 mataifa makubwa yalilipua hewani mabomu mengi ya atomiki ya majaribio, na namna moja ya kaboni itokanayo na milipuko hiyo ikaenea hewani na baharini. Samaki aliyezaliwa kabla ya miaka hiyo ana kidogo tu ya kaboni hiyo katikati ya kijiwe chake. Aliyezaliwa baada yake ana nyingi. Walipopima, hesabu ya pete ikapatana na hesabu ya kaboni. Sisi hatuwezi kupita habari hiyo bila kukumbuka kwamba urani ya mabomu ya kwanza, ya mwaka 1945, kwa sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga yetu.

Na mjomba je? Mjomba hakukosea kabisa. Samaki hawa hawazeeki kama sisi tuzeekavyo. Jike mkongwe haachi kuzaa, azidi kuzaa. Tena hatagi mayai kama samaki wengi watagavyo, bali huyabeba tumboni mpaka yanapoanguliwa, kisha huwatoa watoto walio hai, wadogo kama uzi, maelfu kwa maelfu, hata milioni na zaidi kwa aina kubwa. Mwaka 2004 mtaalamu Steven Berkeley na wenzake, waliofanya kazi katika jimbo la Oregon, walitoa habari ya majaribio juu ya samaki mweusi wa mwambani. Waliona kwamba watoto wa majike wazee huzaliwa na akiba kubwa ya mafuta, hukua upesi, na hustahimili njaa muda mrefu kuliko watoto wa majike vijana. Basi yule wa santimeta 50 hawezi kulipwa na watatu wadogo wenye uzito sawa na wake. Kilo ni zile zile katika mizani ya jikoni, lakini baharini si sawa.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikujulikana, au lilijulikana na wachache wasiosikilizwa. Merikebu zenye nyavu za kukokota ziliwavua samaki wa mwambani kana kwamba huongezeka upesi kama dagaa. Miaka ya kwanza samaki walikuwa wengi ajabu, kwa sababu bahari ilikuwa imeweka akiba ya miaka 50 na ya miaka 100, nayo ikatolewa kwa miaka 20. Mwezi wa Januari 2000 waziri wa biashara wa Marekani alitangaza kwamba uvuvi wa samaki wa chini katika pwani yote ya magharibi umepatwa na maafa. Aina saba za samaki wa mwambani ziliandikwa kuwa zimevuliwa kupita kiasi. Mwaka 2002 sehemu kubwa za bahari zilifungwa. Mwaka 2003 merikebu 91 zililipwa ziache kazi, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo ambao wavuvi waliobaki walipaswa kuulipa katika kila shehena waliyoileta. Fikirini mji mdogo wa bandari ambamo kila nyumba inaishi kwa samaki, nao wameambiwa wangoje kizazi cha samaki ambaye hazai kabla ya miaka kumi. Wengine walihama. Waliobaki walinung'unika, wala hatuwezi kuwalaumu.

Lakini walingoja. Kufikia mwaka 2019 aina sita kati ya zile saba zilikuwa zimerudi katika kiasi kilichotakiwa, na moja kati yake ilirudi mapema kuliko makadirio ya kwanza kwa miaka mingi. Yule mwenye macho ya manjano peke yake alikuwa bado yuko njiani, naye ndiye mzee wa wote.

Mvuvi wa mwambani alihesabiwa pia katika sheria hizo. Mwenye miaka 16 au zaidi apaswa kuwa na kibali, na kwa miaka mingi kikomo katika California kimekuwa samaki 10 kwa siku kwa mtu mmoja, aina zote pamoja. Aina fulani haziruhusiwi kabisa. Lakini anayo nafasi moja ambayo mwenzake wa mashua hana. Samaki hawa wana kibofu cha hewa kisicho na mlango. Akivutwa kutoka meta 50 au 100, hewa ile hutanuka, macho hutoka nje, tumbo husukumwa mpaka kinywani. Ukimtupa juu ya maji huelea kama kibuyu mpaka ndege wamle. Wenye mashua wamejifunza kumshusha tena chini kwa uzito na kibanio, na wengi hupona hivyo. Ni kazi, nayo hutaka saburi. Aliyevuliwa kutoka mwambani, katika maji ya meta tatu au nne, hana shida hiyo. Ndoana ikitolewa upesi, kwa mikono iliyolowa maji, hurudi shimoni mwake akiwa mzima. Baba yule wa Mendocino, akishika jike wake mikononi, ana dakika moja hivi ya kuamua, na binti yake anamtazama. Sheria yamruhusu kumtia kikapuni. Nasi twajua jamaa ambazo samaki wa siku hiyo ni chakula cha siku hiyo, hao hatuwahubirii. Ila kama kikapu kina wadogo wanne tayari, sisi tungependa kuona mkono wake ukishuka majini.

Ni kweli kwamba kikomo na kibali havitoshi. Mwaka 2013 ugonjwa uliwaangamiza viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota, katika pwani hiyo. Tangu mwaka 2014 mpaka 2016 maji ya bahari yakawa na joto lisilo la kawaida. Nungu wa baharini, mnyama wa mviringo mwenye miiba pande zote, aliyekuwa akiliwa na kiti cha pweza mkubwa, akakosa adui, akaongezeka, akatoka mafichoni, akala mwani mpaka jiwe likabaki tupu. Kaskazini ya San Francisco, katika wilaya za Sonoma na Mendocino, zaidi ya tisa ya kumi ya msitu ule ilipotea. Kusini yuko fisi maji wa baharini alaye nungu hao pia, lakini wafanya biashara wa manyoya walikuwa wamekwisha kummaliza kaskazini tangu karne ya 19. Watoto wa samaki wa mwambani hukulia ndani ya mwani. Wakikosa mwani hawana pa kujificha. Tangu hapo wazamiaji, wengine kwa ujira na wengine bure, hushuka na kuwaponda au kuwakusanya nungu hao, ghuba moja baada ya nyingine, na mahali pengine mwani umeanza kuota tena.

Kwa mwanafunzi wetu twaongeza jambo moja la kufanya nyumbani. Mama akipika tilapia juma hili, omba kichwa kisitupwe. Kikiisha kuiva, kipasue katikati kwa urefu, utafute chini ya ubongo, upande wa kushoto na wa kulia. Humo utaona vijiwe viwili vyeupe, vyembamba, vyenye ukingo kama wa jani. Usitazamie kuzihesabu pete zake kwa urahisi: kwetu hakuna majira ya baridi kali ya kuziandika vizuri, na hata wataalamu husumbuka nazo katika samaki wa nchi za joto. Vioshe, uvikaushe, uvilete shuleni. Na ukipata kichwa cha sangala mkubwa kama yule mliyebishana juu yake, vijiwe vyake mwonyeshe mjomba kwanza.